Baba alikuwa mwanajeshi wa Uingereza, jina la ukoo halijulikani, mlingano wa juu ni 131 cM: tuendelee vipi?

MwanaLaikipia

Habari zenu wakuu. Nauliza kwa niaba ya dada mmoja wa hapa Nanyuki, na ameniruhusu nieleze bila kumtaja. Amezaliwa Oktoba 1994. Mama yake ni Mmeru, yu hai na yuko tayari kupimwa. Baba alikuwa mwanajeshi wa Uingereza aliyekuja kwa mazoezi mwanzoni mwa 1994, akaondoka kabla mimba haijajulikana. Tulicho nacho juu yake ni jina la kwanza tu, tena la kawaida mno, kwamba aliendesha lori, na kwamba kwao ni "karibu na Manchester". Hakuna picha wala barua. Kwenye cheti cha kuzaliwa, mahali pa jina la baba pana mstari.

Amepima DNA kwa MyHeritage, kampuni ya vipimo vya DNA na miti ya ukoo. Asili yake imetoka 49% Uingereza na Ayalandi, iliyobaki Afrika Mashariki. Watu wa juu kwenye orodha ya wanaolingana naye (cM ni sentimogani, kipimo cha DNA wanayochangia, na vipande ni sehemu za kromosomu wanazochangia):

A, yuko Australia: 131 cM, vipande 5, kirefu zaidi 48
B, yuko Uingereza: 97 cM, vipande 4, kirefu zaidi 39
C, Uingereza: 64 cM, vipande 3
D, Kanada: 58 cM, vipande 3
E, Uingereza: 52 cM, vipande 3

A na C wanalingana wao kwa wao. B na D pia. E halingani na yeyote kati ya hao. Mti wa ukoo wa A una watu 11, wa B una watu 340, na wengine hawana mti.

Maswali: 131 ni ndugu wa namna gani? Tununue kipimo kingine au hiki kinatosha? Na makaratasi ya Uingereza mtu aliyeko Nanyuki anayafikiaje?

Sentimogani

Mkuu, mna data nzuri kuliko mnavyodhani. Anza na hiyo 49%. Mtoto huchukua nusu ya DNA kwa mama na nusu kwa baba, kwa hiyo Uzungu wake wote umetoka upande mmoja. Ingekuwa 60% ningewaambia msimamishe kila kitu mpaka mama apimwe, kwa sababu Laikipia ilikuwa nchi ya walowezi na si kila familia inasimulia. Mama apimwe hata hivyo, lakini hamna haja ya kumsubiri. Wakenya waliopima katika hifadhidata hizi ni wachache sana, hivyo karibu kila jina la Kizungu kwenye orodha ya dada ni la upande wa baba. Mtu aliyezaliwa Uingereza na wazazi wote wawili wa hukohuko hutumia miezi kutenganisha pande mbili. Nyie mmetenganishiwa tayari.

Sasa 131. Msitafsiri kila mtu kuwa "binamu", mtapotea. Jiulizeni: ni nani tunayeshuka kwake sote wawili, na kila mmoja yuko ngazi ya ngapi? Maneno yetu ya mjukuu, kitukuu na kilembwe yanafanya kazi hii vizuri. Wajukuu wa watu walewale hulingana kwa wastani wa 866 cM, kati ya 396 na 1397. Vitukuu wa watu walewale: wastani 229, kati ya 41 na 592. Vilembwe: wastani 73, kuanzia 0 hadi 234. Takwimu hizi ni za mradi wa Blaine Bettinger, mtaalamu wa nasaba kwa DNA, toleo la 2020, na tovuti ya DNA Painter ina kikokotoo cha bure: unaandika 131 kinakuonyesha uwezekano wote.

Utaona kwamba 131 haiangukii mahali pamoja. Inakaa vizuri kwa mtu ambaye ni kitukuu wa wazee fulani huku dada akiwa kilembwe wao (wastani 122). Lakini inawafaa pia vitukuu waliopata kidogo, vilembwe waliopata kingi, au vitukuu wanaochangia mzee mmoja tu, yaani babu mmoja aliyeoa wake wawili. Umri wa A utaondoa nusu ya uwezekano huo. Kama ana miaka 70, yuko ngazi moja juu ya dada, na wazee wanaowaunganisha huenda walizaliwa kati ya 1865 na 1900. Mkadirie hivi: baba alizaliwa kati ya 1960 na 1975, babu na bibi 1930 hadi 1950, wazazi wao 1900 hadi 1925, na waliowazaa hao ndio hapo mnapotafuta.

Halafu makundi. Kuna njia ya Dana Leeds, ya 2018: unawapa rangi watu wenye kati ya 90 na 400 cM kulingana na nani analingana na nani. Nyie mna wawili tu juu ya 90, kwa hiyo shukeni mpaka 40, ila chini ya 20 msiguse, huko kuna kelele nyingi, yaani milingano isiyoaminika. A na C wapeni rangi nyekundu, B na D buluu, E kijani. Rangi hizo tatu huenda ni tatu kati ya mababu na mabibi wanne wa baba yake.

Sasa kazi yenyewe, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa mapema. Tafuteni wazee wanaowaunganisha A na C. Tuseme ni mume na mke wa ukoo wa kwanza. Tafuteni wazee wanaowaunganisha B na D, ukoo wa pili. Kisha mshuke kutoka kwa kila jozi: watoto wote, wajukuu wote, wa kike wasiachwe. Mnatafuta ndoa moja, mahali ambapo mtu wa ukoo wa kwanza ameoa au kuolewa na mtu wa ukoo wa pili. Baba wa dada anashuka kutoka kwenye ndoa hiyo, kwa kuwa ni yeye aliyebeba damu za pande zote mbili. Mkiipata ndoa hiyo, kutoka watu mia nne mnabaki na familia moja.

Mambo yanayoharibu: miti ya watu iliyonakiliwa bila hati (mti wa watu 340 unaweza kuwa sahihi kwa 40 tu), na kudhani jina la ukoo kufanana ni ushahidi. C naye anaweza kulingana na A kwa upande usio wa dada kabisa. Angalieni alama ya MyHeritage inayoonyesha kwamba watatu hao wanachangia kipande kilekile cha kromosomu. Bila alama hiyo, kundi ni dhana bado.

MtuWaMaabara

Naongezea upande wa vipimo. Nunueni AncestryDNA, hilo halina mjadala kwa baba Mwingereza. Ina zaidi ya watu milioni 25, na Waingereza wengi wako huko. Haipokei data kutoka kampuni nyingine, kwa hiyo njia ni moja tu: kifurushi chao. Kama hawatumi kwa anwani yako, mtu aliyeko Uingereza anaweza kukinunua na kukuletea, lakini akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya dada mwenyewe na namba ya kichupa aiandikishe yeye kabla ya kutuma. Namba isipoandikishwa, sampuli hufika maabara ikawa haina mwenyewe. Pigeni picha ya namba hiyo.

Ancestry ni mate. Nusu saa kabla asile, asinywe, asivute sigara wala kutafuna chochote. Mate yafike kwenye mstari bila kuhesabu povu. Povu ndilo linalowadanganya watu: kichupa kinaonekana kimejaa, povu likishuka mate ni nusu. Ukifunga kifuniko, dawa ya buluu ya kuhifadhi inamwagika ndani. Tikisa sekunde kadhaa. Kama haikushuka, kifuniko hakijakaza.

Kwa mama, kama mdomo ni mkavu, MyHeritage au FamilyTreeDNA ni rahisi zaidi kwa sababu wanatumia kijiti cha pamba. Sugua ndani ya shavu, si ulimi wala fizi, kama dakika nzima, huku unazungusha kijiti. Shavu la kushoto kijiti cha kwanza, la kulia cha pili. Kinachofelisha ni kusugua kwa woga: seli hazitoshi, maabara inaomba sampuli mpya na mwezi umepotea. Kosa jingine ni kupima watu wawili meza moja kwa wakati mmoja. Maliza wa kwanza, funga, andika, weka kwenye bahasha, ndipo umguse wa pili. Na msiache bahasha kwenye gari lililoegeshwa juani.

Tumeni kwa njia yenye namba ya kufuatilia. Sampuli za MyHeritage na FamilyTreeDNA hupimwa Marekani, kwa hiyo kwenye tamko la forodha andikeni wazi kwamba ni sampuli ya DNA isiyo na maambukizi wala thamani ya kuuza.

Wakati mnasubiri, pakueni faili ghafi la MyHeritage mlipandishe GEDmatch, tovuti ya kulinganisha DNA za kampuni mbalimbali, ni bure. Huko kuna chaguo la kuruhusu au kukataa polisi kutumia data yako, soma kabla ya kubofya. Hifadhidata hiyo ni mojawapo ya zilizotumika 2018 kumpata muuaji wa California aliyetafutwa kwa miongo. 23andMe, kampuni nyingine ya vipimo, ningeiweka mwisho: 2023 taarifa za watu milioni 6.9 zilivuja, na 2025 ikaomba ulinzi wa kufilisika kabla ya kuuzwa. Bado ina watu wengi, ila mwenye DNA ajue anachoingia.

Kipimo cha Y hakimhusu dada, kwa kuwa kromosomu Y huenda kwa wana wa kiume tu. Kromosomu X yake moja lakini imetoka kwa baba nzima, na baba aliipata kwa mama yake. Kwa hiyo mtu akilingana naye kwenye X ya upande wa baba, huyo ni wa upande wa bibi mzaa baba. GEDmatch inaonyesha X. Msiamini vipande vya X vilivyo chini ya 15 cM.

KaraniWaMasjala

Makaratasi. Mti wa A wenye watu 11 unatosha kuanzia, msiudharau. A kuwa Australia si ajabu: baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza wengi walihamia huko kwa nauli ya £10, na huenda wazazi wa mtu kama huyo ni watu wa kaskazini mwa Uingereza waliopanda meli.

Usajili wa vizazi, ndoa na vifo vya Uingereza na Wales ulianza Julai 1837. Faharasa zake ziko bure kwenye tovuti ya FreeBMD. Faharasa zimepangwa kwa robo za mwaka, na kuna tarehe mbili za kukumbuka. Kuanzia robo ya Julai hadi Septemba 1911 faharasa ya vizazi inaonyesha jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa. Kuanzia 1912 faharasa ya ndoa inaonyesha jina la ukoo la mwenzi. Maana yake, mkijua Bwana fulani alimwoa Binti fulani mwaka 1934 huko Oldham, mnaandika majina hayo mawili ya ukoo na kuona watoto wote waliosajiliwa kwa jozi hiyo, wilaya kwa wilaya. Ukoo adimu utawapa watoto wenu tu. Ukoo wa kawaida utachanganya familia tatu, na hapo mnahitaji cheti chenyewe kutoka ofisi kuu ya usajili. Kinaagizwa mtandaoni (mwaka 2024 kilikuwa £12.50) na kinatumwa hata Kenya. Msinunue vyeti kumi kwa pupa, nunueni vile vinavyoamua njia.

Kwa wazee waliozaliwa kabla ya 1921, sensa za 1911 na 1921 ziko wazi, na kuna orodha ya taifa ya 1939. Sensa ya 1931 iliungua na ya 1941 haikufanyika, kwa hiyo msiitafute. Kama ukoo unaelekea Scotland, kule usajili ulianza 1855 na una tovuti yake, ScotlandsPeople, na vyeti vyao vina habari nyingi zaidi.

Tatizo ni kwamba miti ya mtandaoni huwaficha walio hai. Kutoka kwa marehemu hadi kwa walio hai mnavuka kwa matangazo ya vifo ya magazeti ya miji, ambayo hutaja watoto na wajukuu kwa majina, na kwa daftari za wapigakura. Za kabla ya 2002 ni kamili. Baada ya hapo mtu anaweza kujiondoa kwenye daftari linalouzwa.

Sasa upande wa jeshi. Watu hukimbilia huku kwanza, na mimi ningekuja huku baadaye. Wizara ya Ulinzi haitoi faili la mtu aliye hai bila idhini yake, basi msipoteze barua. Kinachosaidia ni kujua kikosi gani kilikuwa Nanyuki au Archer's Post Januari 1994. Majarida ya vikosi huandika safari za Kenya, na Jumba la Makumbusho la Jeshi huko London lina mkusanyiko wake. Lakini tahadhari: "karibu na Manchester" haimaanishi alikuwa King's Regiment, ingawa kikosi hicho kiliandikisha vijana wa Manchester na Liverpool. Dereva wa lori huenda alikuwa wa Royal Logistic Corps, kikosi cha usafirishaji na ugavi kilichoundwa Aprili 1993, ambayo vijana wake wanatoka kila pembe na huazimwa kwa vikosi vingine.

Mama aulizwe vizuri. Msimwonyeshe beji moja mkamwuliza "ni hii?", atakubali kwa adabu. Mwekeeni beji kumi na tano mezani, za kofia za rangi tofauti, mnyamaze. Aulizwe tarehe kwa matukio: ilikuwa kabla ya mvua, wakati wa Krismasi, nani alikuwa anauza dukani? Andikeni maneno yake kama alivyoyasema, hata yasiyo na maana kwenu. Jina la mbwa au la dada yake huyo mwanajeshi linaweza kuwa ndilo linalochagua kati ya ndugu wawili.

Jambo la pembeni, kwa wanaotafuta wazazi Wakenya wote wawili, waliolelewa kwenye makao au kwa kuasiliwa: kwenu DNA ni msaidizi tu, kwa sababu waliopima ni wachache. Anzeni na namba ya OB (daftari la matukio la polisi) kama mtoto aliokotwa, amri ya mahakama ya watoto iliyompeleka makao, faili la shirika lililosimamia uasili, daftari la kujifungulia la hospitali, na kitabu cha ubatizo cha parokia. Kitabu cha parokia mara nyingi kina jina la msimamizi wa ubatizo, na huyo huwa mtu wa familia.

BintiTanga

Naomba kuingilia. Huku kwetu baba anasemekana ni Mwarabu wa Oman, na kijana ana mlingano wa 188 cM na mtu wa Maskati. Kwa takwimu za juu ni vitukuu wa mzee mmoja, lakini mti haukubali hata kidogo. Na kwa Tanzania kutuma sampuli nje kunaruhusiwa?

Sentimogani

Dada BintiTanga, uliza kwanza hiyo 188 imegawanyika vipande vingapi. Kama ni vipande 16 na kirefu zaidi ni 17, hao si vitukuu. Ukoo unaooana ndani kwa ndani vizazi na vizazi, kama ilivyo kwa familia nyingi za Oman, Hadhramaut, Makhoja na Mabohora, huacha vipande vifupi vingi kwa kila mtu. Jumla inakuwa kubwa, ilhali mzee wanayekutana naye yuko mbali, tena wanakutana naye kwa njia tatu au nne. Angalia kipande kirefu zaidi kuliko jumla: chini ya 20, mshuku, juu ya 40, kuna ndugu wa karibu. Mpangilio wa rangi nao unaharibika kwa sababu kila mtu analingana na kila mtu. Hapo kipimo cha Y, kama kijana ni wa kiume, kina nguvu kuliko kwa Waingereza, maana kinaweza kumwonyesha kabila la baba kwa mstari wa kiume. Msaidizi mwingine ni chombo cha GEDmatch kinachoangalia kama wazazi wa mtu ni ndugu. Kikionyesha hivyo, punguza uzito wa kila namba unayosoma.

Kwa Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya 2009, na msimamizi ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kipimo cha uhalali wa mzazi hakiombwi na mtu binafsi dirishani. Ombi hupitia mamlaka kama mahakama, ustawi wa jamii au wakili. Sampuli kwenda nje ya nchi ni jambo la kuwauliza wao kwa maandishi kabla ya kununua kifurushi. Usifuate ushauri wa "tuma tu".

MwanaLaikipia

Wakuu, Ancestry imerudi. Juu kabisa yuko F: 412 cM, vipande 14. Mti wake umefungwa, ila jina linaonekana na aliingia kwenye akaunti juzi. Wanaofuata ni 188 na 156, wote wanalingana na F. Mmoja wao ana mti, na jozi ya wazee iliyoko kwenye mti huo ndiyo ile tuliyoipata kwa kundi jekundu, ndoa ya 1898 huko Rochdale, mji ulio karibu na Manchester. B na D hawalingani na F. Kikokotoo kinatupa majibu manne kwa hiyo 412. Tunachaguaje? Na F tumwandikie nini?

Sentimogani

Hongereni, sasa mko ndani ya nyumba. Kwa 412 majibu yenye uzito ni haya. F ni mtoto wa shangazi, ami au mjomba wa baba, yaani yeye ni mjukuu na dada ni kitukuu wa wazee walewale (wastani 433). Au F na dada ni wajukuu wa babu au bibi mmoja tu, kwa mfano babu aliyezaa nje ya ndoa (wastani 449). Au F ni ndugu wa babu kwa mzazi mmoja. Au, kwa mbali, ni wajukuu wa watu walewale waliopata kidogo sana. Tena ni umri. F akiwa na miaka 55 hadi 75, jibu la kwanza linaongoza. Akiwa na miaka 30, la pili.

Mkishajua umri wake, tumieni chombo cha DNA Painter kinachopima dhana. Mnachora mti wa Rochdale, mnaweka cM za F, yule wa 188, yule wa 156, A na C mahali pao, halafu mnamweka dada kila mahali anapoweza kukaa. Kila nafasi inapewa alama. Nafasi yenye alama mara 20 ya inayofuata ni ya kufuatwa. Mara 2 haiamui kitu.

Msisahau kundi la buluu. F yuko upande mmoja tu. Katika watoto na wajukuu wa ile jozi ya Rochdale, tafuteni aliyeoana na ukoo wa B na D. Ikiwa wapo wawili, kaka wawili waliozaliwa na ndoa hiyohiyo na wote walikuwa jeshini, DNA ya F haitawatenganisha, kwa sababu kaka hao wana uhusiano uleule naye. Hapo kinachoamua ni mtoto wa mmoja wao kupimwa: akitoka karibu na 1750 ni ndugu wa dada kwa baba, akitoka karibu na 866 baba ni yule kaka mwingine.

KesiNaHati

Kuhusu kumwandikia F. Ujumbe wa kwanza uwe mfupi na usiwe na neno "baba" wala "jeshi". F hajafanya kosa lolote, na hamjui nani mwingine anasoma barua pepe yake. Kitu kama hiki, mkiweke kwa Kiingereza chepesi: "Habari. Tumelingana 412 cM kwenye Ancestry, ambayo ni undugu wa karibu kiasi. Najenga mti wa upande ambao siufahamu vizuri, na nadhani tunakutana kwa familia iliyoishi Rochdale miaka ya 1900. Je, unaifahamu familia hiyo? Nitafurahi kushiriki nilichokipata." Jina lake halisi chini, na nchi anayoishi, kwa sababu kuficha Kenya kutaonekana ni ulaghai baadaye. Asipojibu, mngoje wiki tatu, muandike mara moja tena. Akijibu na kuuliza, mjibuni ukweli anaouliza. Msimfuate mke wa mtu Facebook, wala msirushe picha ya mwanaume kwenye makundi ya WhatsApp ya Nanyuki. Mkikosea mtu, mmeharibu nyumba ya asiyehusika.

Upande wa sheria. Matokeo ya Ancestry hayathibitishi mzazi mbele ya mahakama, kwa sababu hakuna anayeshuhudia ni nani aliyetema mate. Mkishampata mtu, kipimo cha pili kifanywe na maabara iliyoidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Uingereza: kitambulisho kinaangaliwa, picha inapigwa, sampuli inachukuliwa na mtu asiye na maslahi, bahasha inafungwa mbele yake. Akikataa, Mahakama Kuu ya Uingereza inaweza kuombwa itamke uzazi chini ya kifungu cha 55A cha Sheria ya Familia ya 1986. Watoto wa Nanyuki wameshafika kwenye mahakama hiyo kwa njia hii ya DNA, kwa hiyo wakili wa familia wa kule hatashangaa mkimpigia.

Uraia: dada alizaliwa kabla ya 1 Julai 2006 na wazazi hawakuoana, kwa hiyo hakuwa raia moja kwa moja. Tangu Aprili 2015 watu kama yeye wanaweza kusajiliwa kama wangekuwa raia endapo wazazi wangekuwa wameoana. Fomu inaitwa UKF. Wataomba uthibitisho wa uzazi na uthibitisho kwamba baba alikuwa Mwingereza siku dada alipozaliwa. Kwa mtu aliyezaliwa Uingereza kabla ya 1983, cheti chake cha kuzaliwa kwa kawaida kinamaliza hoja ya pili. Si wanajeshi wote wa Uingereza ni Waingereza, wapo wa Fiji na Nepal, ila kwa 49% ya dada hilo halitusumbui.

Na ule mstari kwenye cheti cha Kenya: kifungu cha 12 cha sheria ya usajili wa vizazi, kilichozuia jina la baba asiyeoa bila ombi la pamoja, kilitamkwa na Mahakama Kuu Nairobi mwaka 2016 kuwa kinyume cha katiba. Msikimbilie kujaza sasa. Jina likiingia kabla ya kipimo cha maabara iliyoidhinishwa na likawa la kaka yake, mtakuwa na cheti kinachowapinga wenyewe.

MwanaLaikipia

Asanteni sana. F ana miaka 68, tumeuona mwaka wa kuzaliwa kwenye tangazo la kifo cha mama yake, ambalo pia limetaja wajukuu wanane kwa majina. Ujumbe umeenda jana jioni kwa maneno ya KesiNaHati. Mama anachukuliwa sampuli Jumamosi kwa kijiti. Tunaanza kushusha watoto wa ndoa ya Rochdale, wako saba, na wa kike wanne hatujui waliolewa wapi.

KaraniWaMasjala

Wa kike anzeni nao. Kwenye faharasa ya ndoa, kuanzia 1912 hadi kama 1935, wilaya za Rochdale, Oldham na Bury, andikeni jina la ukoo la msichana kisha mtazame safu ya mwenzi. Mnatafuta jina lolote lililomo kwenye mti wa B. Mkilipata, tupieni hapa mwaka na robo yake, ila majina ya walio hai myaache kwenye daftari lenu.